Matundu kwenye Foili

Jumatano, 15 Januari

Mkate wa kumimina umeganda tena. Nimewasha jiko baada ya Alfajiri kama kawaida yangu. Mchele na tui nilishavisaga jana, umeumuka vizuri, hamira haina neno. Tatizo foili. Rukia binti yangu aliniambia ukitandika foili ndani ya sufuria, mkate hautagusa chuma, utatoka mzima. Kweli umetoka mzima. Umetoka na foili yake. Nimekaa kwenye kibao nabandua vipande kama ninayenyonyoa kuku. Mkate wenyewe nimeula na chai. Siwezi kumuuzia mtu mkate wenye karatasi.

Mchana nimejaribu tena. Safari hii samli kwanza juu ya foili, ifike kila kona, ndipo nikamimina. Umeteleza wenyewe. Alhamdulillahi. Kumbe foili peke yake haizuii kitu, kinachozuia ni mafuta.

Zainabu hatumii foili. Sufuria yake nyeusi, makaa chini, makaa juu, na mkate unaanguka kwenye sahani bila kubembelezwa. Jana mume wangu kausifia mbele yangu. Mkate wa mke mwenzangu. Nikanyamaza. Moyo haukunyamaza.

Jumapili wakwe wa Zinga wanakuja kula na kupanga siku ya ndoa ya Rukia. Tunataka iwe Shaabani, kabla ya mfungo. Mola nisitiri.

Ijumaa, 17 Januari

Bi Tatu amefika, dada wa mume wangu. Amekuja na begi kubwa, maana yake hatoki karibuni. Kabla hata hajakaa ameshafungua friji na oveni.

"Wifi, hapa sasa hoteli!"

Foili imempendeza. Nimemwonyesha ninavyooka nayo samaki: unamfunga kama kifurushi, hakauki, ngozi haigandi kwenye sinia, hata kuosha hakuna kazi. Nimejisikia vizuri kusifiwa. Niseme kweli, nimejisikia vizuri kwa sababu Zainabu alikuwa uani anasikia. Nyumba yake na yangu zinatazamana, ua ni mmoja.

Bi Tatu hampendi Zainabu. Hafichi. Tangu Zainabu aolewe hapa hajapata mtoto, basi kila akipita Bi Tatu anaguna. Mimi sigusi jambo hilo, watoto anatoa Mungu. Lakini simkatazi Bi Tatu kuguna.

Chakula cha Jumapili: pilau, kuku, na samaki kolekole wa ukwaju wa kuoka. Kolekole ndio wa heshima. Mama mkwe wa Rukia anasifika Zinga nzima kwa mdomo wake, akila kitu kibovu atakisema mpaka msikitini.

Jumamosi, 18 Januari

Nimechoka. Miguu imevimba.

Kolekole wakubwa, wazuri, macho maangavu. Nimewachanja, nikawapaka chumvi, ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, halafu rojo zito la ukwaju. Siku nyingine napaka na kuoka hapo hapo. Leo nimetaka walale na viungo vyao usiku kucha, viingie mpaka mfupani. Wakubwa nimewapanga kwenye sinia la stili, lile zuri la harusi yangu. Juu nimewafunika foili na kuibana kwa viganja mpaka ikawashika kila upande, upepo usiingie. Wawili hawakuenea. Hao nimewaweka kwenye beseni la plastiki, nao nikawafunika foili. Wote ndani ya friji.

Magharibi nilikuwa nasali. Zainabu akaingia jikoni kwangu kuchukua barafu, friji yake haigandishi. Kila siku anaingia. Bi Tatu kaniambia baadaye, kwa sauti ya chini: "Kakaa humo kitambo, wifi. Barafu gani hiyo?"

Nimemwambia aache. Lakini limeingia sikioni.

Jumapili, 19 Januari

Lazima niandike maana sina wa kumwambia.

Asubuhi nimetoa sinia niwashe oveni. Foili ina matundu. Si kupasuka. Matundu madogo madogo, mengi, kama mtu ameidunga sindano. Nikadhani macho. Nikaiinua juani, mwanga ukapita kama kwenye chekeche. Chini yake samaki wana madoa, kijivu kinachoelekea weusi, kila penye tundu doa. Na kitu kama majivu.

Bi Tatu alikuwa nyuma yangu. Kapiga yowe mpaka kuku wakatawanyika uani.

"Katudunga! Wallahi katudunga!"

Rukia amechovya kidole katika rojo, akaonja kabla sijamzuia. Kasema lina ladha ya msumari. Nilimpiga mkono, nikamsukutuza maji mara nyingi, huku nalia.

Wale wawili wa kwenye beseni hawakuwa na kitu. Nimesema, mbona hawa wazima? Bi Tatu akajibu kwamba Zainabu hakupata muda wa kuwafikia. Ikanitosha. Wote tumewazika nyuma ya choo, hata paka hatukumpa.

Wakwe wamekuja Adhuhuri. Wamekula pilau na kuku. Mama mkwe akauliza samaki aliosikia habari zake wako wapi. Nikatafuta uongo, sikuupata. Bi Tatu kamvuta pembeni. Nilimwona yule mama akiweka kijiko chini. Hakukigusa tena.

Wameondoka mapema. Siku ya ndoa haikutajwa. "Tutapeana habari," ndivyo walivyosema.

Rukia amejifungia chumbani.

Jumatatu, 20 Januari

Mume wangu hajaenda kazini. Ametuita sote sebuleni. Bi Tatu ndiye aliyesema, wengine tulikuwa wasikilizaji. Anataka isomwe halbadiri.

Nyumbani kwetu sijawahi kuiona, nimeisikia tu. Wanaitwa walimu, wanafukiza ubani, wanasoma majina ya mashujaa wa Badri, na wanamwombea mabaya aliyefanya ubaya. Ajulikane. Aumwe. Wengine wanasema hata afe. Si kitu cha kuchezea. Na wazee wetu walikuwa wakisema ukimsomea asiye na kosa, inamrudia aliyeitaka.

Zainabu kasimama mlangoni, hakukaa. Bi Tatu akamtazama kuanzia miguuni.

"Mwenye tumbo tupu ana uchungu na mtoto wa mwenzie. Si ajabu."

Mume wangu akasema, "Tatu, basi." Lakini alisema polepole mno.

Zainabu hakulia. "Someni. Mimi nitakaa hapo katikati, mnione vizuri."

Mume wangu akanigeukia. "Wewe mama Rukia, samaki ni wako, binti ni wako. Unasemaje?"

Nilikuwa nimeyaona yale matundu kwa macho yangu. Na nilikumbuka mkate. Naandika kama ilivyo: nilikumbuka ule mkate wake aliosifiwa.

Nikasema isomwe.

Maalim amekubali Alhamisi baada ya Alasiri. Mume wangu kasema ikimwonyesha Zainabu, anamrudisha kwao na talaka mkononi.

Jumanne, 21 Januari

Ua umekuwa mkubwa ghafla. Zainabu hajawasha moto. Kachota maji, kafagia upande wake, karudi ndani.

Rukia hasemi na mimi. Ameniambia neno moja tu tangu asubuhi. "Mama mdogo ndiye aliyenilea ulipolazwa." Halafu kapeleka uji upande wa pili, amekaa huko mpaka Adhuhuri.

Bi Tatu anasema mtoto amelishwa kitu. Kila jambo sasa lina jibu kwake.

Mikate sijaoka. Wateja wawili wamepita wanauliza, mmoja kaniangalia kwa jicho la pembeni. Habari zimeshatoka.

Nimesali Istikhara, Mungu anionyeshe njia. Sijaona kitu. Usingizi wenyewe haukuja.

Jumatano, 22 Januari

Zainabu ameondoka. Ametoka na kikapu na mkoba, kapanda gari la Kiwangwa kwa mama yake. Hakuaga mtu isipokuwa Rukia. Kamwambia hatakaa aombewe kifo huku watu wanakunywa kahawa.

"Si mnaona? Kakimbia!" Bi Tatu anarudia tu, kwa furaha. Amekaza khanga kiunoni kama anayekwenda ngomani.

Mimi pia nilisema moyoni, ndiye. Mtu asiye na kosa atakimbia nini?

Baada ya hapo nimekwenda jikoni nipike chochote, mikono ipate kazi. Kulikuwa na rojo la ukwaju lililobaki siku ile, nililoliweka pembeni kwenye bakuli. Jana mchana nililitoa nikalitia ndimu na chumvi kwa ajili ya kachumbari, kula kukanishinda, nikalifunika foili kwa kuibana, inzi wasiingie. Jikoni nilifunga kwa kufuli. Tangu Jumapili nafunga, ufunguo naufunga kwenye pindo la khanga yangu, nalala nao.

Nimelifunua. Matundu. Yale yale. Na majivu yale yale juu ya rojo.

Wazo la kwanza, uchawi wake unapita kwenye kufuli. Nikasoma Ayatul Kursiy kwa sauti, nikarudia, nikarudia. Nikataka kumwita Bi Tatu. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Sijui nini kilinizuia. Nimekaa chini pale pale sakafuni na bakuli mapajani. Hili rojo hakuna aliyejua kama lipo. Si Zainabu, si Bi Tatu, hata Rukia. Nani adunge kitu asichokijua? Halafu nikaangalia vizuri. Foili ilipogusa rojo, imetoboka. Ilipopita juu bila kugusa, kwenye ukingo, inang'aa kama mpya.

Bakuli lenyewe ni la stili. Kama sinia.

Nimechukua ukwaju mwingine, chumvi, ndimu, nikakoroga. Nimeweka kwenye bakuli la stili na foili imebanwa juu. Nimeweka kwenye kibakuli cha plastiki na foili vile vile. Nimeweka kwenye stili nyingine, nikafunika jani la mgomba. Nimefunga mlango. Nimeketi barazani na Kurani, lakini macho yanasoma mstari mmoja tu.

Naogopa nikikuta matundu. Naogopa nisipoyakuta.

Alhamisi, 23 Januari

Stili na foili: matundu, madoa. Plastiki na foili: doa moja hafifu pembeni, matundu hakuna. Jani la mgomba: kitu hakuna.

Hakuna aliyedunga. Ukali wa ukwaju na ile chumvi vimeila foili juu ya stili usiku kucha. Sababu yake hasa siijui, shule yangu haikufika huko. Lakini nimeona. Nimefanya kwa mkono wangu na nimeona.

Na aliyeibana foili ile juu ya kolekole ni mimi. Kwa viganja hivi.

Niandike na hili, kwa kuwa Mungu ameshaliona. Kwa muda nilifikiri kuosha mabakuli na kunyamaza. Hakuna shahidi. Zainabu ameshaondoka. Nyumba imekuwa yangu peke yangu kama zamani. Hiyo ndiyo ilikuwa fikra yangu, nami nimeshika tasbihi. Astaghfirullah. Nilijichukia.

Alasiri walimu wameingia, ubani umeshawashwa, mkeka umetandikwa. Majirani wanawake wamejaa barazani, kila mtu anajua kuja. Nikatoka jikoni na mabakuli yangu kwenye sinia, nikayaweka katikati ya mkeka mbele ya Maalim.

Nikasema, msisome. Nikaeleza.

Bi Tatu akacheka. "Yaani wifi, mchawi ni karatasi?"

Wanawake barazani wakacheka nao. Nilipata joto mpaka masikioni.

Nikamwambia Maalim, mimi ndiye niliyetaka isomwe. Kama itasomwa, isomwe juu yangu, maana samaki wale niliwaharibu mimi. Kicheko kikakatika.

Maalim kainua ile foili akaitazama dirishani kwa muda. Kisha kafunga kitabu chake. "Mmenipa kheri kuniambia kabla sijaanza." Kanywa kahawa yake, kaondoka na wenzake. Bi Tatu kamfuata mpaka njiani, anamsihi.

Mume wangu amekaa kwenye kiti kichwa kimeinama. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 24 Januari

Kiwangwa. Nimekwenda na Rukia baada ya swala. Mume wangu alitaka kuja, nikamwambia aache kwanza, hili nimelivunja mimi.

Tumemkuta Zainabu na mama yake wanamenya muhogo uani. Nilimwamkia yule mama, kaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Zainabu kanipa kigoda. Adabu yake haikupungua, na hiyo ndiyo iliyonikata.

Nimesema yote. Ukwaju, stili, foili, kufuli. Nimemwomba radhi mbele ya mama yake na mbele ya binti yangu.

Kaendelea kumenya. Kisha kasema:

"Bi Mkubwa, umekuja kwa kuwa umeona matundu kwenye bakuli lako. Usingeyaona?"

Niliokota ganda la muhogo, nikalirudisha chini.

"Basi. Hilo ndilo linaloniuma. Samaki sina habari nao."

Mama yake akasema kwa Kikwere maneno ambayo sikuyaelewa yote. Sikuuliza.

Tulipoinuka, Zainabu kanisindikiza mpaka barabarani. Kasema hasemi harudi, hasemi anarudi. Lakini kule Zinga anaitwa mchawi na watu wasiomjua sura. "Anza na hapo. Mimi siwezi kuingia nyumba ambayo wakwe wakija najificha."

Njia nzima Rukia kanishika mkono. Mara ya kwanza wiki hii.

Jumamosi, 25 Januari

Zinga. Peke yangu. Nimevaa baibui jipya kana kwamba litanisaidia.

Mama mkwe alinikaribisha sebuleni na shoga zake wawili. Nikamwomba tuzungumze faragha. Kisha nikajirudi. Uchawi ulisemwa mbele ya watu. Nikamwambia, la, wakae wasikie.

Nimesema: samaki waliharibika kwa ujinga wangu wa kupika. Mke mwenzangu hakugusa kitu. Tulimsingizia, na mimi nilikuwa wa mbele.

Shoga mmoja kaziba mdomo kwa mtandio, anacheka. Mama mkwe hakucheka. "Hili ungeweza kutuficha."

"Ningeweza."

Kasema atazungumza na mumewe. Hakuahidi. Lakini aliniletea juisi, akakaa mpaka nikaimaliza. Na mimi nilipokuwa natoka nilimsikia akimwambia shoga yake, "Usicheke wewe, sinia zako zote za stili."

Jumanne, 28 Januari

Simu kutoka Zinga. Ndoa Shaabani, Ijumaa ya pili. Rukia kaniangukia shingoni. Wamesema wote wawili tuwepo kupokea mahari, mimi na mama mdogo.

Bi Tatu amefunga begi. Kaniambia nimemdhalilisha mbele ya mtaa. Nimemwambia ni kweli, nami nimejidhalilisha, safari njema. Hajanipa mkono.

Mume wangu amekwenda Kiwangwa.

Jumatano, 29 Januari

Zainabu amerudi. Kapita uani na kikapu chake. "Shikamoo, Bi Mkubwa." Kama mgeni anavyoamkia.

Nimeitikia marahaba. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi.

Barafu hajaja kuchukua. Kanunua kwa jirani.

Jumapili, 2 Februari

Hali ya hewa nzuri, upepo kidogo. Nimefua asubuhi.

Mchana nimepika wali wa nazi na mchuzi wa kamba. Nimepakua sahani moja, nikaifunika kawa, nikaivusha ua mwenyewe. Zainabu alikuwa anasuka ukili wa mkeka. Kaipokea, kasema asante, kaiweka kando. Sikukaa.

Kwetu ukipelekewa sahani hairudishwi tupu. Hata ukiwa huna kitu, utatia ndimu mbili, utatia chumvi. Mama yangu alikuwa anatia majani ya mchaichai.

Baada ya Alasiri kairudisha mwenyewe mlangoni. Imeoshwa vizuri, imekaushwa. Haina kitu.

Nimeipokea kwa mikono miwili.

Nikamuuliza, kamba hawakuzidi chumvi? Kasema hawakuzidi. Kasimama kidogo, mkono kwenye mwimo wa mlango. Kisha kavuka ua, karudi kwenye ukili wake.

Kwa hiyo alikula.